Vazi la upepo: nguo inayofura na kunywea pamoja na moyo

Mwenye hasira amefura. Mwenye majivuno amevimba kichwa. Aliyeaibishwa mbele za watu amenywea, na aliyepata habari njema baada ya wasiwasi ameshusha pumzi. Kiswahili husimulia hisia kana kwamba mwili ni mfuko unaojaa na kupungua, na vazi la upepo limesimama hapohapo. Ni sanaa inayovaliwa: nguo yenye mifuko inayoshika hewa, ambayo hujazwa ikiwa mwilini na kubadili umbo la aliyeivaa kufuatana na anavyojisikia, au na jinsi watu wengine wanavyomsogelea.

Hilo la kusogelewa lina jina lake: nafasi binafsi, yaani eneo lililotuzunguka ambalo tunalihesabu kuwa letu ingawa halina ukuta. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alilipima katika kitabu alichotoa mwaka 1966. Hadi sentimita 45 kutoka mwilini ni pa wapendanao, na mama na mtoto wake. Kutoka hapo hadi mita 1.2 ni pa marafiki, na hadi mita 3.6 ni pa shughuli za kawaida. Lakini watu aliowapima walikuwa hasa Wamarekani wa tabaka la kati kutoka kaskazini mashariki mwa nchi yao, na mwenyewe alionya kwamba vipimo hivyo si vya binadamu wote. Anayebuni vazi la kuvaliwa Zanzibar au Mombasa, ambako salamu zinaweza kuendelea huku mikono bado imeshikana, hana budi kupima upya. Samaki aitwaye bunju naye ana kipimo chake: akitishwa hugugumia maji akawa mviringo, na adui hupata shida kummeza.

Wasanii walianza kucheza na hewa kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1960, plastiki ilipokuwa rahisi kupatikana. Mjini Vienna, kundi la Haus-Rucker-Co lilichomoza puto kubwa angavu nje ya dirisha la ghorofani mwaka 1967, watu wawili wakakaa ndani yake juu ya barabara. Uingereza, Michael Webb wa kundi la wasanifu majengo la Archigram alibuni Suitaloon, vazi linaloweza kujazwa hadi likawa chumba cha kuishi. Kwangu mimi kazi inayogusa zaidi ni ya Fredrik Tjærandsen kutoka Norwei, aliyehitimu chuo cha sanaa cha Central Saint Martins, London, mwaka 2019. Wanamitindo wake walitembea jukwaani wakiwa ndani ya maputo makubwa ya mpira. Kisha upepo ukatolewa, na puto likashuka taratibu likawa gauni mwilini. Alisema alikuwa akiwaza ukungu wa utotoni, na ule wakati mtoto anapoanza kujitambua.

Fundi cherehani akiletewa kazi hii atashtuka kidogo, kwa sababu sindano ndiyo adui. Kila tundu la uzi ni pancha. Nailoni iliyopakwa plastiki huunganishwa kwa joto, na mpira kwa gundi. Mshono wa uzi unawezekana tu pale feni inaposukuma hewa muda wote, kama kwenye yale majumba ya kuchezea watoto kwenye sherehe. Ila feni hupiga kelele, na hisia ya huzuni haikai vizuri na mvumo wa feni.

Kisha kuna hesabu ambayo wengi huijua baada ya kuharibu kitambaa. Mfuko mrefu wenye upana wa sentimita 20 ukiwa umelala bapa, ukijaa huwa bomba lenye kipenyo cha sentimita 13 hivi. Panga mifuko mitano kama huo kuzunguka kiuno: mwanzo mzunguko wake ulikuwa sentimita 100, sasa umebaki kama 64. Vazi lililokusudiwa kuwasukuma wengine mbali linambana mwenyewe! Wapo wanaoitaka hali hiyo, kwa kuwa mbano wa taratibu mwili mzima huwatuliza watu fulani kama kukumbatiwa. Asiyeitaka huishikiza mifuko kwenye nguo inayovaliwa chini yake kwa ukingo mmoja tu, ili ivimbe kuelekea nje.

Mwendo nao husema. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Kifua cha vazi kikipanda na kushuka kwa kasi hiyo, mtazamaji huona kiumbe hai kilichotulia. Kikijaa ghafla, huona woga.

Mwisho huja swali la nani anaushika upepo. Unaweza kuweka kihisi kinachopima umbali, pampu ikajiwasha mtu anaposogea, au kihisi cha mapigo ya moyo. Hapo vazi linatangaza hofu yako kabla hujaamua kuisema, na hata rafiki unayemtamani akaribie atakuta ukuta. Ndiyo maana nashikilia kwamba lazima iwepo valvu pale mkono wa mvaaji unapofika bila kuangalia, kubwa kiasi cha kutoa upepo wote kwa pumzi chache.