Kikuku si mfupa wa tao moja

Kila maelezo ya asili ya mifupa ya sikio la kati yana wimbo uleule: nyundo na fuawe ni za tao la kwanza la koromeo (matao ni mikunjo ya shingoni mwa kiinitete), kikuku, mfupa wa tatu na wa ndani kabisa, ni cha tao la pili, habari imekwisha. Wanafunzi wanaukariri, wanapata alama zao, kisha wanaubeba mpaka wodini, na huko ndiko unakovuruga mambo.

Kwanza tuondoe takataka ndogo. Mifupa hii haitoki kwenye kifuko cha kwanza cha koromeo, yaani mfuko ulio upande wa ndani wa matao. Kifuko ni endodemu, tabaka la ndani la kiinitete. Hutoa utando wa ndani wa sikio la kati na mrija wa Eustachio. Mifupa hutokana na mesenkima, tishu laini iliyo ndani ya matao, na pango la sikio la kati huja kuizunguka baadaye. Wapo pia wanaoyaita matao hayo matamvua, kama ya samaki, lakini kiinitete cha binadamu hakina matamvua hata siku moja, kwa hiyo naomba tuyaache.

Nyundo huanza ikiwa ncha ya nyuma ya gegedu la Meckel, lile la tao la kwanza lipitalo kwenye taya la chini, na fuawe iko jirani yake. Mwanaanatomia Reichert aliyaeleza haya mwaka 1837. Mijusi bado wana mifupa hiyohiyo kwenye kiungo cha taya. Sawa, tusonge.

Kinachonikera ni kikuku. Kichwa na miguu yake miwili ni seli za tuta la neva, zile zinazotoka kando ya mfumo wa neva unaochipuka, zilizohamia tao la pili. Hapo sina ugomvi. Lakini bamba lake, lile linaloziba dirisha duaradufu la kuingilia sikio la ndani, lina asili mbili. Kwa panya ambao seli zao ziliwekewa alama za kijenetiki, sehemu ya kati ya bamba ni ya tuta la neva, ilhali ukingo wake ni mesodemu, tabaka la kati la kiinitete, ileile inayojenga kapsuli, yaani ganda la mfupa la sikio la ndani. Kibamba chenyewe kina urefu wa milimita 3 hivi, na bado kina wazazi wa pande mbili!

Sasa mtoto anazaliwa na kikuku kilichoganda dirishani. Miguu ya kikuku iko sawa, neva ya uso, ambayo ni neva ya tao la pili, iko mahali pake, lakini faili linaandikwa "kasoro ya tao la pili". Tao la pili lipi, ikiwa kila kitu kingine cha tao hilo kimesalimika? Shuku kwanza kapsuli, na kano ya mviringo, ile inayoshika ukingo wa bamba dirishani, ambayo haikujitenga. Ukikuta miguu imeungana kuwa kijiti kimoja, au neva ya uso imelala juu ya dirisha, hapo lilaumu tao la pili. Wapo wanaosema neva iliyopotea njia mapema hukizuia kikuku kuifikia kapsuli, ndiyo maana dirisha halifanyiki. Hoja inavutia, ila bado ni hoja tu.

Hata upande wa nyundo mambo hayajatulia. Wengine wanaupa mpini wa nyundo na mguu mrefu wa fuawe asili ya tao la pili. Kwa binadamu tunategemea vipande vya tishu chini ya hadubini, na mesenkima ya matao mawili yaliyogusana haina mpaka unaoonekana. Panya waliokosa jeni ya Hoxa2, walioripotiwa mwaka 1993, walikosa kikuku na kuota nyundo na fuawe za pili, kama taswira ya kwenye kioo. Hilo linathibitisha kwamba tao la pili linahitaji jeni hiyo ili lisiige la kwanza. Halimalizi ubishi wa mpini.

Tundu la kikuku, lile lililo kati ya miguu yake, nalo si urembo. Chembechembe za mwanzo hujikusanya kuizunguka ateri ya kikuku, ambayo kwa kawaida hutoweka kabla mtoto hajazaliwa. Ikibaki, hupita katikati ya miguu ya kikuku na kwenda kulisha utando wa ubongo, kwa hiyo kwenye picha ya CT tundu la spinosamu, lile la chini ya fuvu ambamo ateri ya utando huo hupita kwa kawaida, huenda lisionekane upande huo. Kukosekana kwake peke yake si ushahidi, kwani wapo watu wasio na tundu hilo na wasio na ateri hiyo pia. Lakini ukiliona limekosekana, fuatilia mfereji wa neva ya uso kipande kwa kipande kabla ya kugusa bamba.