Kuhamisha tovuti ya WordPress: yanayosemwa na yalivyo

"Fundi, si unakopi tu ile folda unaibandika kule?" Kila anayeniuliza hivi huwa tayari ana jibu lake. Tovuti yake ya WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, ilijengwa ndani ya folda iitwayo /mpya, sasa anataka ikae mbele kabisa ya kikoa (jina la tovuti, kama example.com), au inaacha .com inakwenda .co.tz. Kwake ni suala la kubeba mzigo na kuutua.

Kwenye folda hiyo kuna programu yenyewe, mandhari (sura ya tovuti), plagini (viongezo vyake), na picha zilizo ndani ya wp-content/uploads. Makala, kurasa, maoni ya wasomaji na mipangilio havimo. Hivyo vinakaa kwenye kanzidata, yaani ghala la data la tovuti, kwa kawaida MySQL au MariaDB, kwa hiyo aliyehamisha folda peke yake amehama na kabati akaacha nguo. Na kanzidata nayo inakumbuka ilikokuwa inaishi: ndani ya jedwali la wp_options kuna mistari miwili, siteurl na home, yenye anwani ya zamani. Ndiyo maana mtu anaandika kikoa kipya kwenye kivinjari halafu anajikuta amerudishwa kule kule alikotoka.

Wengine wakishaambiwa hivyo hukimbilia ukurasa wa Mipangilio, wanabadilisha anwani na kuhifadhi kabla faili hazijafika kwenye makazi mapya. Hapo umejifungia nje, hata ukurasa wa kuingia hauupati. Dawa yake ni fupi: fungua wp-config.php, andika WP_HOME na WP_SITEURL zenye anwani sahihi, na mlango unafunguka.

Dhana iliyonitesha mimi mwenyewe ni ya tatu. Unachukua nakala ya kanzidata, ile faili ya .sql, unaifungua kwa programu ya kuandikia maandishi, unaamuru kila palipo na anwani ya zamani pawe na mpya. Nilifanya hivyo usiku mmoja nikaenda kulala nikijisifu. Asubuhi makala zote zilikuwepo na viungo vilikuwa sawa, lakini wijeti za pembeni zilikuwa zimetoweka, na mandhari yamesahau nembo na rangi za mteja.

Sababu ni kwamba WordPress na plagini zake huhifadhi baadhi ya mipangilio kwa namna ambayo kila neno linaandikwa pamoja na urefu wake. Anwani ya zamani inakaa hivi:

s:18:"http://example.com"

Hesabu mwenyewe, ni herufi na alama 18. Sasa weka https://example.org mahali pake: zimekuwa 19, lakini namba mbele bado inasema 18. PHP, lugha inayoendesha WordPress, ikisoma inakuta hesabu haikubaliani na kilichoandikwa, inaitupa data yote iliyofungwa humo. Haikuonyeshi kosa lolote; mipangilio inapotea kimyakimya tu.

Siku hizi natumia WP-CLI, zana ya kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi, ambayo inaifungua data hiyo, inabadilisha, kisha inahesabu upya:

wp search-replace 'http://example.com' 'https://example.org' --skip-columns=guid --dry-run

Hilo la mwisho ni jaribio tu: linakuonyesha ni sehemu ngapi zitaguswa bila kugusa chochote. Ukiridhika unaliondoa na kuendesha amri kweli. Safu ya guid unairuka kwa sababu ni kitambulisho cha makala, japo sura yake ni ya kiungo. Ukikibadilisha, programu za kufuatilia habari zinaweza kuwaletea wasomaji makala za zamani kana kwamba zimetoka leo. Nakala ya akiba unachukua kabla ya yote, hilo halina mjadala.

Kisha Google. Kuna wanaoamini kuhama ni kuanza moja kwenye matokeo ya utafutaji. Si kweli, mradi kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu, kwenye ukurasa wake mpya. Tangu 2016 Google imesema uelekezaji wa namna hiyo haupunguzi PageRank, ile alama ya uzito ambayo Google huupa ukurasa, ingawa kuyumba kwa muda ni kawaida. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo. Msomaji aliyekuja kutafuta bei ya mabati anaangukia "Karibu kwetu", na Google nayo inauchukulia ukurasa ule kama haupo. Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ina zana ya kutangaza mabadiliko ya anwani, ila ni ya kubadili kikoa. Kwa kuhama folda ndani ya kikoa kilekile haihusiki.

Saa 48 za "kusambaa" kwa DNS, mfumo unaoonyesha kikoa kiko kwenye seva ipi, nazo zimekuzwa mno. Muda hutegemea TTL ya rekodi, yaani muda inaokumbukwa kabla ya kuulizwa upya: ukiishusha kutoka sekunde 86400 hadi 300 siku moja kabla ya kuhama, wengi watafika kwenye seva mpya ndani ya dakika chache. Kinachosahaulika ni rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua pepe. Ukibadilisha nameserver (seva inayotunza rekodi hizo) bila kuzinakili, tovuti itafunguka vizuri huku barua pepe za ofisi zikiacha kuingia.

Na kikoa cha zamani usikiache kife mwezi ujao kwa kuokoa ada ya mwaka. Google inashauri uelekezaji ubaki mwaka mmoja angalau. Stika zenye anwani ya zamani zilizobandikwa kwenye bajaji zitadumu zaidi ya hapo. Kikiisha muda, yeyote anaweza kukisajili, akafungua sanduku la barua kwa jina lilelile la info, na kuomba neno jipya la siri la kila akaunti uliyowahi kuifungua kwa anwani hiyo.