Fremu ya boksi haizibwi kwa silikoni

"Fundi, ziba kote hewa isiingie, unyevu wa bahari utaharibu vitu vya bibi." Mjini Mtwara, Mikindani, agizo la wateja wa fremu ya boksi, ile yenye kina na kioo mbele ya kuwekea vitu vya kumbukumbu, ni hilohilo. Kinachoviharibu ni huko kuziba.

Kanga, kofia ya viua, hata mbao ya fremu, vyote vimeshakunywa unyevu kabla hujafunga. Ukiziba umeufungia ndani. Mchana ukuta ukipata joto, unyevu unatoka kwenye nguo. Usiku kioo kikipoa unageuka matone. Picha iliyogusana na kioo inaganda hapo, na ukiibandua sura ya babu inabaki kwenye kioo. Kinachofuata ni ukungu. Tena silikoni ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka: sarafu za shaba zinaota kutu ya kijani.

Boksi lipumue. Toboa matundu manne ya milimita 6 kwenye plaiwudi ya nyuma, mawili juu, mawili chini, uyafunike kwa kipande cha chandarua mdudu asipite. Kona nne za nyuma bandika vipande vya ndala kuukuu, unene wa sentimita 1, boksi liachane na ukuta. (Ndala, naam. Hakuna cha kununua.) Ndani weka ufito unaoachanisha kioo na vitu kwa milimita 5 au zaidi. Vitu vianikwe kivulini siku mbili kabla ya kufunga, na kazi yenyewe ifanyike wakati wa kusi, Juni hadi Septemba. Kuleta kanga Februari mvua ikinyesha, kisha kudai boksi kesho yake, ni kujitafutia ukungu.

Supa gluu nayo "inashika kila kitu". Inashika, halafu mvuke wake unaacha utando mweupe kwenye kioo, na kitambaa kinakakamaa hadi kinakatika. Kanga hushonwa: uzi wa pamba, mishono mirefu iliyolegea kila sentimita 4, juu ya kitambaa cha pamba cha amerikani kilichofuliwa kikatoka wanga wote.

Ndonya (pambo la mdomo la Wamakonde) au kinyago cha mpingo kupakwa mafuta ya nazi king'ae? Mafuta yanaoza, yananata vumbi na kuchafua kitambaa. Futa kwa kitambaa kikavu, basi.

Na kioo cha kawaida hakizuii jua kupausha rangi. Tundika mbali na dirisha, picha halisi ihifadhiwe kwenye bahasha, ndani ya boksi iingie nakala.