Krosova na stesheni wagoni: familia inatafuta nini hasa

Krosova ni gari lenye sura ya jipu na mifupa ya gari dogo la saluni. Jipu la asili lina chesisi, yaani fremu ya chuma iliyokaa kama ngazi. Injini na ekseli hufungwa kwenye ngazi hiyo, kisha bodi huwekwa juu na kukazwa kwa bolti. Krosova haina ngazi. Bodi yenyewe ndiyo fremu. Sakafu, nguzo za milango na paa vimechomelewa kuwa kitu kimoja. Stesheni wagoni nayo ni saluni iliyonyooshwa paa hadi nyuma, buti likaungana na chumba cha abiria. Iinue wagoni sentimita chache na umeshaikaribia krosova. Subaru Outback ilizaliwa hivyo katikati ya miaka ya 1990, kutoka wagoni ya Legacy. Toyota RAV4 ya 1994 ilipita njia nyingine: umbo la jipu dogo, lakini bila chesisi.

Kinachozivuta familia kwanza ni kimo cha kiti. Kiti kikikaribia usawa wa nyonga ya mtu aliyesimama, mzee anageuka na kukaa. Hapandi wala hazami. Mzazi anayemfunga mtoto mkanda hakunji mgongo. Saluni nyingi zina sentimita 13 hadi 15 kati ya tumbo la gari na ardhi, krosova nyingi 18 hadi 22. Ila kimo hichohicho huinua pia kizingiti cha buti, na begi la kilo 25 linakumbusha tofauti hiyo kila safari. Kwa kupakia, wagoni inashinda.

Ukubwa wa buti hutajwa kwa lita, na hapo wanunuzi wengi hupotea. Buti moja linaweza kuwa na namba mbili: moja imepimwa hadi kwenye pazia la kufunika mizigo, nyingine hadi kwenye dari. Usizilinganishe. Tena, lita hazisemi umbo. Krosova iliyolalishwa kioo cha nyuma ili ipendeze ina buti fupi upande wa juu, kwa hiyo sanduku lenye kimo linaingia chini lakini mlango haufungi. Chukua futi ya kupimia, pima urefu kutoka kizingiti hadi mgongo wa kiti, upana kati ya matao ya magurudumu, na kimo hadi kwenye pazia. Au peleka kigari cha mtoto, kikunje, ukitie ndani. Jibu linapatikana papo hapo.

Kiti cha kati ndicho kinachozidanganya familia za watoto watatu. Gari linaandikwa la watu watano, lakini vishikizo vya ISOFIX, yaani vyuma vya kunasia kiti cha mtoto bila mkanda, kwa kawaida vipo kwenye viti viwili vya pembeni tu. Cha kati hubaki na mkanda. Viti viwili vya watoto vikishakaa pembeni, kifungio cha mkanda wa kati huzikwa chini yake na mkono haufiki. Kiti cha mtoto mchanga, kinachotazama nyuma, nacho husukuma kiti cha mbele. Abiria mrefu anaishia magoti kwenye dashibodi. Vijaribu vyote kwa pamoja kabla ya kulipa, si kimoja kimoja.

Safu ya tatu ni ya watoto, labda na mtu mzima kwa mwendo mfupi. Sakafu ya pale ipo juu, hivyo magoti hupanda kifuani. Ikisimamishwa, buti hubaki la mifuko michache. Hakikisha mifuko ya hewa ya pembeni inafika hadi huko nyuma. Jambo jingine linalosahaulika: safu ya pili ikiwa na kiti cha mtoto kilichofungwa, mara nyingi haiwezi kuinamishwa, na wa nyuma hawana pa kupitia.

Kuna hesabu ambayo karibu hakuna anayeifanya, ya uzito. Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ni cha watu na mizigo. Tuseme 2,300 kutoa 1,750: zimebaki kilo 550. Watu wazima wawili wa kilo 80 na vijana watano wa kilo 55 ni 435. Zimebaki 115 kwa kila kitu kingine, pamoja na keria na viti vya watoto. (Kwa vipimo vya Ulaya, dereva wa kilo 75 keshahesabiwa ndani ya uzito wa gari tupu.) Gari la viti saba linaweza kujaa kwa kilo kabla halijajaa kwa macho. Likizidiwa, nyuma hukaa chini, taa za mbele zikapiga machoni mwa wanaokuja, breki zikachelewa na tairi za nyuma zikachemka. Upepo uongezwe kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi: kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango au mfuniko wa tangi mara nyingi huwa na vipimo viwili, cha gari tupu na cha gari lililojaa. Paa la krosova nyingi halitakiwi kubeba zaidi ya kilo 75 hadi 100, keria ikiwemo.

Krosova nyingi huendeshwa na magurudumu ya mbele pekee, na zenye kuvuta yote manne kwa kawaida huunganisha ya nyuma pale ya mbele yanapoteleza. Kiunganishi hicho hakipendi tairi zisizolingana. Ukifunga mbili mpya ukaacha mbili zilizolika, mizunguko inatofautiana hata kwenye lami kavu, kiunganishi kinafanya kazi bila kupumzika, kinachemka na hatimaye kinaungua. Tairi moja ikipasuka, linganisha kina cha kashata (mifereji ya tairi) za zilizobaki na za mpya. Tofauti ikizidi milimita 2 au 3, ni nne zote.