Je, wajua namna ya kutofautisha yungiyungi na gugu maji?

Ukipita kwa mtumbwi kati ya mafunjo ya Mabamba, kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, utakuta mimea miwili yenye maua ya rangi zinazokaribiana. Yungiyungi la buluu (Nymphaea nouchali) ni mwenyeji wa maji haya. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini. Anayesafisha gati kwa reki bila kujua tofauti huzoa yote mawili, na hiyo ni hasara kubwa kwa ndege.

Tazama jani kwanza. La yungiyungi ni la mviringo, limelala juu ya maji, na lina mpasuko mmoja kutoka ukingoni hadi kwenye kikonyo. Gugu maji husimamisha majani yake, na mara nyingi vikonyo vyake vimevimba kama vitunguu kwa hewa iliyomo. Kisha vuta taratibu. Gugu maji huja lote na mizizi yake myeusi kama manyoya. Yungiyungi hugoma, kwa kuwa limejishika kwenye tope la chini. Liache hapo.

Ua la yungiyungi hukaa peke yake juu ya bua, lina moyo wa njano, hufunguka asubuhi na kufumba alasiri. La gugu maji hutoka kwa vishada, petali moja ikiwa na doa la njano. Ukikuta ua jeupe linalofunguka usiku na jani lenye meno makali ukingoni, hilo ni Nymphaea lotus, nalo ni la kwetu.

Vinyweleo vya kupumulia vya yungiyungi viko upande wa juu wa jani. Hewa hushuka kupitia mifereji ya kikonyo hadi mizizini, kwenye tope lisilo na oksijeni. Mkeka wa gugu maji ukifunika jani, mmea hukosa mwanga na hewa kwa pamoja.

Hapo sile-maua, ndege atembeaye juu ya majani yanayoelea, hupata shida kwanza. Vidole vyake virefu mno hutawanya uzito wake juu ya majani ya yungiyungi, akidonoa wadudu na konokono. Dume ndiye anayeatamia, kwenye kiota chepesi kinachoelea, na vifaranga huwabeba chini ya mabawa. Wimbi la boti iendayo kasi latosha kuyazamisha mayai. Bata mdogo Nettapus auritus naye hutegemea sana mbegu za yungiyungi.

Kwa hiyo ng'oa gugu maji kwa mkono, ukianzia pembeni, na ulirundike mbali na maji: kipande kikirudi ziwani, huota upya.