Kabla ya kulipia jora

Watu wanaoanza kushona nguo za kuuza hunijia karakanani, hapa Arusha, wakitaka kujua jora la bei nafuu linapatikana wapi, Kariakoo au hapahapa kwenye maduka ya mjini. Huwa nawauliza kwanza upana wa kitambaa wanachokitaka, na wengi hawaujui. Tuseme kitambaa cha inchi 45 kinauzwa shilingi 4,000 kwa mita, na cha inchi 60, cha aina ileile, shilingi 5,000. Katika ukataji wangu, shati la mikono mirefu la mwanamume wa umbo la wastani hula mita 2.25 za kile chembamba, yaani shilingi 9,000, ilhali kwenye kile kipana mita 1.75 hunitosha, na gharama hushuka hadi shilingi 8,750. Kwa shati moja tofauti hiyo haionekani, lakini kwa mashati 200 inafika shilingi 50,000, nazo ni fedha za vifungo na uzi. Uliza pia kama jora limepimwa kwa yadi au kwa mita, kwa kuwa jora la yadi 30 lina mita 27.4 tu.

Likifuata suala la nyuzi, usitegemee neno la muuzaji kwamba hiyo ni pamba tupu. Chomoa nyuzi chache za mtande, yaani zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, na chache za mshindio, zinazokatiza kwa upana, uzichome kila kundi peke yake, maana vipo vitambaa vyenye pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili. Pamba huwaka upesi, ikanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha hubakiza kishanga kigumu cheusi. Sisemi poliesta ni mbaya. Kwa sare za shule mimi mwenyewe huchagua mchanganyiko wake na pamba, kwa sababu marinda hayapotei na nguo hukauka hata mwezi wa Julai, jua la Arusha linapojificha siku nzima.

Kitambaa cha pamba kinachosimama kikavu dukani huenda kimeshibishwa wanga. Kisugue kwa nguvu kati ya viganja: ukiona unga mweupe umebaki mkononi na sehemu uliyosugua imelegea, ujue uzito uliokuwa ukiulipia utaondoka na maji ya kwanza. Kipimo cha kurudi, yaani kusinyaa kwa kitambaa kikifuliwa, hakigharimu chochote zaidi ya kipande. Chora mraba wa sentimita 50 kwa 50, ufue kama mteja atakavyofua, uanike, upige pasi, kisha upime tena. Ukikuta sentimita 48 upande wa urefu, kitambaa kimerudi kwa asilimia 4, na suruali ya urefu wa mita moja itapanda sentimita 4 kifundoni. Hapo utaamua ama kukifua chote kabla ya kukata, ama kukiacha.

Kilichowahi kuniumiza zaidi ni rangi. Nilinunua majora mawili ya bluu ya sare kwa muuzaji mmoja, siku moja, chini ya taa za duka, na yote mawili yakaonekana sawa. Tulipotoa sketi nje kwa ajili ya kuzihesabu, nusu zilielekea zambarau. Majora yale yalikuwa yametiwa rangi kwa awamu tofauti, nami sikuwa nimeuliza. Siku hizi hudai majora ya awamu moja, nikakata kipande kutoka kila jora, nikavipanga barabarani juani, kisha nikavibana kwenye daftari pamoja na tarehe na namba ya jora. Nikilazimika kuchukua yasiyofanana, kila nguo hukatwa yote kutoka jora moja, na vipande vya jora moja hufungwa pamoja kabla havijafika kwenye cherehani.