Hatifungani isiyokatwa kodi: kabla ya kuuliza asilimia, uliza nani anailipa

Tangu Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga (Tanga UWASA) ilipoingiza sokoni hatifungani yake ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaofaa mazingira, Februari 2024, na zaidi baada ya mauzo ya Hatifungani ya Miundombinu ya Samia kufungwa Januari 2025, maswali yanayofika mezani kwetu yameongezeka. Hilo tunalifurahia. Tatizo ni kwamba mengi yanaanzia na kuishia mahali pamoja: "Ni kweli riba yake haikatwi kodi?" Ni kweli. Sheria ya Kodi ya Mapato, baada ya marekebisho ya mwaka 2022, inasamehe riba ya hatifungani za kampuni na za mamlaka za mitaa zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), kama ambavyo riba ya hatifungani za Serikali ilikuwa imesamehewa kabla. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kununua soma ukurasa wa kodi katika waraka wa matarajio (kijitabu cha maelezo rasmi kwa wanunuzi) wa hatifungani husika, usisome andiko la mwaka jana. Hata hili unalosoma sasa.

Msamaha huo una sababu, na sababu yenyewe si kuwafurahisha wenye fedha.

Tanga ilitaka shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kuboresha na kupanua huduma ya maji, kwa muda wa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, inayolipwa kila baada ya miezi sita. Wawekezaji walileta bilioni 54.72, yaani asilimia 103 ya lengo, na Mei 2024 hatifungani ikaorodheshwa DSE. Sasa chukua kalamu. Aliyeweka shilingi milioni 10 anapata 1,350,000 kwa mwaka, katika mikupuo miwili ya 675,000. Kama kodi ya zuio (inayokatwa kabla riba haijakufikia) ya asilimia 10 ingekatwa, kila mkupuo ungepungua kwa 67,500. Ili mwekezaji huyo huyo abaki na kile kile mkononi baada ya kodi, Tanga ingelazimika kumpa asilimia 15 badala ya 13.5. Tofauti hiyo ya asilimia moja na nusu, ikipigwa kwenye bilioni 53.12, ni takriban shilingi milioni 797 kwa mwaka kabla mtaji haujaanza kurejeshwa. Fedha hizo zingelipwa na wateja wa maji wa Tanga kupitia ankara zao.

Milioni hizo 797 hazikushuka kutoka mbinguni. Ni kodi ambayo Hazina ingeikusanya na imekubali kutoikusanya. Kwa maneno mengine, mlipakodi wa Kigoma na wa Songea anachangia mabomba ya Tanga bila kuambiwa, na bila mchango huo kupita kwenye bajeti inayojadiliwa bungeni mstari kwa mstari. Sisi tunaoshughulika na masoko ya mitaji tunaunga mkono utaratibu huu, lakini tunaudhika tunaposikia kwamba ni "fedha ya bure". Kuna anayeilipa.

Isitoshe, msamaha hauwanufaishi wote kwa kiasi kimoja. Kwa mtu binafsi asiyefanya biashara ya mikopo, kodi ya zuio ya asilimia 10 huwa ndiyo ya mwisho, kwa hiyo anaokoa hiyo kumi tu. Kampuni inayotozwa asilimia 30 ya faida ingehitaji hatifungani yenye riba ya zaidi ya asilimia 19, inayotozwa kodi, ndipo ilingane na 13.5 isiyotozwa. Kwa nini benki na makampuni yana hamu kubwa na hatifungani hizi? Jibu ni hilo. Mwalimu mstaafu aliyepanga foleni kando yao hapunjwi chochote, ila asidhani wanakula sahani moja.

Wamarekani wameuona upande huu kwa muda mrefu kuliko sisi. Sheria yao ya kodi ya mapato ya mwaka 1913 iliacha nje riba ya hatifungani za majimbo na miji, na mpaka leo shule, mitaro ya majitaka na madaraja mengi huko hujengwa kwa mikopo ya namna hiyo. Mwaka 1936 jimbo la Mississippi, chini ya gavana Hugh White, lilikwenda hatua ya mbele: liliruhusu miji yake kukopa kwa hatifungani zisizotozwa kodi ili kujenga majengo ya viwanda na kuyapangisha kwa wenye viwanda. Lengo lilikuwa ajira katika jimbo maskini lililotegemea pamba. Majimbo mengine yakaiga, viwanda vikaanza kuhama kufuata fedha nafuu, na kilichopatikana mji huu mara nyingi kilikuwa kimeondoka mji ule. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha hizo nafuu zilikuwa zikijenga hata maduka ya K-mart na migahawa ya McDonald's. Bunge lao lilikuwa limeanza kubana mwaka 1968, na mwaka 1986 likabana kwelikweli. Tangu hapo, kwa kanuni ya jumla, zaidi ya asilimia 10 ya fedha ikitumika kwa shughuli za biashara binafsi, na zaidi ya asilimia 10 ya marejesho ikategemea biashara hizo, hatifungani haihesabiki tena kuwa ya umma. Inabaki bila kodi endapo tu imo katika orodha maalumu iliyoruhusiwa, na nyingi kati ya hizo zina ukomo wa kiasi kwa kila jimbo. Viwanja vya michezo vya timu za watu binafsi bado vimepenya kwa ujanja wa mahesabu. Hapa kwetu mjadala huo haujafika. Utafika, na halmashauri zinazoota stendi na masoko ya ubia ziujue mapema.

Turudi kwa mnunuzi. Swali la kwanza si asilimia ngapi, ni nani analipa na kwa fedha gani. Hatifungani ya Tanga ni ya mapato: riba na mtaji vinatoka kwenye makusanyo ya huduma ya maji. Kwa hiyo anayetaka kuipima aanzie hapo. Bei ya maji haipangwi na Tanga UWASA peke yake, inaidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Maji yanayovuja njiani au kuibwa hayana ankara. Chanzo kikuu ni bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki, kwa hiyo mkulima anayelima hadi ukingo wa mto kule milimani anagusa, bila kujua, uwezo wa mamlaka kulipa wawekezaji walioko Masaki. Upande wa pili, wateja wanaongezeka: bandari imepanuliwa, viwanda vya saruji vipo, na Chongoleani ndipo bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linapoishia. Maji yakitoka kwa saa za kutosha, mama lishe wa Ngamiani hanunui madumu, kiwanda hakichimbi kisima chake, na vyote viwili vinaingia kwenye mita. Ndivyo mkopo wa maji unavyogeuka maendeleo ya uchumi wa mahali, na ndivyo unavyojilipa. Soko lililojengwa kwa mkopo wa namna hii halafu likakaa bila wapangaji halijilipi, hata riba ikisamehewa kodi zote duniani.

Hapa tunaomba tueleweke, maana jambo hili tumelisema mpaka tumechoka. Msamaha wa kodi si udhamini wa Serikali. Mdaiwa akishindwa kulipa, Mamlaka ya Mapato haitakuja kukulipa. Kama waraka wa matarajio hauna ukurasa unaosema Serikali imedhamini, basi haijadhamini, hata kama waziri alikata utepe siku ya uzinduzi.

Mfano wa pili ni Hatifungani ya Samia. Wengi waliamini wanaikopesha TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini. Aliyeitoa ni Benki ya CRDB, kwa asilimia 12 kwa mwaka, miaka mitano, riba kila robo mwaka. Lengo lilikuwa bilioni 150, zikapatikana zaidi ya bilioni 323. Fedha zinakwenda kuwakopesha makandarasi wa barabara za TARURA, lakini mdeni wako ni benki. Mkandarasi akichelewa kulipwa, hilo ni kati yake na benki. Wewe unadai benki. Kwa wengine hilo ni afadhali, kwa wengine si afadhali, lakini si jambo dogo la kupuuza.

Wakurugenzi wa halmashauri nao wanatuuliza kwa nini wasitoe za kwao kesho asubuhi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inaruhusu halmashauri kukopa, lakini kwa idhini ya Waziri. Kenya wameliweka hadi kwenye Katiba: ibara ya 212 inataka udhamini wa serikali kuu na idhini ya bunge la kaunti. Urasimu? Ndiyo. Lakini kumbukeni Dakar. Mwaka 2015 jiji hilo lilikuwa limekamilisha maandalizi yote ya kukopa faranga za CFA bilioni 20, sehemu kubwa ikiwa ya kuwajengea wamachinga soko, na siku chache kabla ya mauzo serikali kuu ikaondoa ridhaa yake. Miaka ya kazi ikaishia kabatini. Idhini itafutwe mwanzoni, na iwe ya maandishi.

Baada ya idhini hiyo, mtoaji huandaa waraka wa matarajio: hesabu zilizokaguliwa, makadirio ya mapato, matumizi ya fedha, hatari, ratiba ya malipo na jina la mdhamini wa wenye hatifungani, yaani anayesimama kwa niaba yenu mdaiwa akikiuka masharti. Waraka huo huwasilishwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Sura 79. Kuuza hatifungani kwa umma bila idhini ya CMSA ni kosa la jinai. Hatutanii katika hili. Tunarudia pia kwamba idhini ya CMSA maana yake ni kuwa taarifa zinazotakiwa zimetolewa. Haimaanishi kwamba CMSA imekushauri ununue.

Kwa mnunuzi, utaratibu ni huu. Unakwenda kwa dalali wa soko la hisa mwenye leseni, au benki iliyotajwa katika waraka kuwa wakala wa mauzo. Unafunguliwa akaunti ya CDS (daftari la kielektroniki la hisa na hatifungani zako) kwa kitambulisho cha NIDA, picha na namba ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Majina yafanane. NIDA ikisema Mwanahamisi Juma Ally na benki ikasema Mwanahamisi J. Ali, malipo ya riba yanaweza kukwama na utatulaumu sisi. Akaunti ya mume haitumiki kupokea riba ya mke, hata kama mnaelewana vizuri. Unajaza fomu ya maombi, unalipa kwenye akaunti ya benki iliyoandikwa ndani ya waraka, unatunza stakabadhi. Mauzo yakifungwa hutangazwa mgao. Maombi yakizidi lengo unaweza kupata pungufu ya ulichoomba, na fedha iliyobaki inarudishwa. Hakuna hatifungani inayonunuliwa kwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na hakuna inayolipa asilimia 13.5 kwa mwezi. Ukipata ujumbe wa WhatsApp wenye nembo nzuri na ahadi hiyo, usitutumie ukiuliza kama ni ya kweli. Ripoti polisi na CMSA, kisha futa.

Ukihitaji fedha kabla ya muda, huwezi kumrudia aliyeitoa. Unauza DSE kupitia dalali, kwa bei ya siku hiyo, na kuna ada za kuuza. Ikiwa hatifungani mpya zinatoa asilimia 15, yako ya 13.5 iliyobakiza mwaka mmoja itanunuliwa chini ya shilingi 99 kwa kila 100. Ikiwa mpya zinatoa 11, utauza juu ya 100. Na kuna siku hakuna mnunuzi kabisa, maana wenye hatifungani hizi wengi wanazikalia mpaka ziive. Fedha ya ada ya shule ya Januari isiwekwe huku.

Swali moja la mwisho, kwa kuwa halipiti juma bila kuulizwa: mwenye hatifungani akifariki? Haipotei, wala haiangukii mikononi mwa aliyeshika stakabadhi. Riba inaendelea kuhesabiwa kwa jina la marehemu. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anafika kwa dalali akiwa na cheti cha kifo, hati ya usimamizi (Fomu Namba IV kwa Mahakama ya Mwanzo) na kitambulisho chake, na umiliki unahamishiwa kwa warithi waliotajwa, kila mmoja akiwa na akaunti yake ya CDS. Muhtasari wa kikao cha familia peke yake hautoshi, hata ukiwa na saini za wajomba wote.